Donge la Damu Kichwani: Livutwe Mara Ngapi?



Katika kikundi chetu cha kusoma yuko dada mmoja ambaye kaka yake ni baharia. Mwaka jana meli ya kaka huyo ilitia nanga katika bandari ya Rotterdam, nchi ya Uholanzi. Asubuhi moja, alipokuwa akinywa chai na wenzake, kikombe kilimponyoka. Mdomo ukaenda upande. Alitaka kusema, maneno hayakutoka. Mkono wa kulia na mguu wa kulia ukawa kama si wake.

Wenzake hawakungoja. Waliita gari la wagonjwa, na muda wa saa moja haujaisha alikuwa hospitalini. Huko madaktari walipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa damu, kuanzia kwenye kinena hadi kichwani. Wakavuta donge la damu lililokuwa limeziba mshipa. Walivuta mara tatu.

Leo kaka huyo yuko nyumbani. Anatembea kwa fimbo. Anasema, lakini polepole. Mkono wa kulia haujapata nguvu ya kushika jembe. Watu wa nyumbani wamegawanyika. Wengine wanasema madaktari wamemharibu kwa kumvuta-vuta mishipa. Wengine wanasema waliacha mapema, wangeendelea kuvuta angepona kabisa. Na mwenyewe amekata tamaa. Ameanza kuacha vidonge alivyopewa.

Dada akatuletea swali: "Walimu, nimwambie nini kaka yangu?"

Sisi si madaktari. Tumesoma, tumewauliza waganga wa hospitali, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika hapa kwa sababu kiharusi hakichagui. Kinawapata mabaharia, na kinatupata sisi wakulima pia.

KIHARUSI NI NINI?

Ubongo unaishi kwa damu. Damu ndiyo inayoupelekea hewa safi na chakula. Damu hiyo hupita katika mishipa, kama maji yanavyopita katika mifereji kwenda shambani. Mfereji ukiziba, shamba la chini linakauka. Mshipa wa damu ukiziba, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa ule huanza kufa. Hicho ndicho kiharusi.

Kiharusi kiko cha namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mshipa kuziba kwa donge la damu. Namna ya pili ni ya mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya kichwa. Ukimtazama mgonjwa kwa macho huwezi kujua ni namna gani. Hata daktari hawezi kujua kwa hakika mpaka kichwa kipigwe picha kwa mashine iitwayo siti-skani. Jambo hili tulikumbuke, tutalirudia mbele.

Ubongo wa upande wa kushoto ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia. Na kwa watu wengi, maneno pia hutawaliwa na upande huo wa kushoto. Ndiyo maana kaka wa dada yetu alipooza kulia na akapoteza maneno kwa pamoja. Donge lilikuwa limeziba mshipa wa kushoto.

Ubongo hauna subira. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu ya hasara. Aligundua kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na usitibiwe, kwa wastani chembe hai za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Hebu tupige hesabu na sisi. Dakika 10 ni chembe milioni 19. Nusu saa ni milioni 57. Na chembe ya ubongo ikishakufa, haifufuki.

DONGE HUVUTWAJE?

Kuna dawa ya kuchoma sindano ambayo huyeyusha donge. Kwa kawaida hutolewa kabla ya saa nne na nusu kupita tangu ugonjwa kuanza. Lakini donge likiwa kubwa, katika mshipa mkubwa, mara nyingi dawa peke yake haiwezi kulimaliza. Hapo ndipo kazi ya kuvuta inapokuja.

Daktari hutoboa mshipa wa damu kwenye kinena, au wakati mwingine kwenye kifundo cha mkono. Anapitisha mrija, huku akitazama njia katika picha za eksirei. Mrija unapanda hadi shingoni, kisha kichwani. Ukifika kwenye donge, anaweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Anaweza kufungua kijiwavu cha waya ndani ya donge, donge likanasa, akalivuta nje. Au anaweza kulifyonza kwa mrija, kama mtu anavyofyonza kinywaji kwa mrija. Wengine hufanya yote mawili kwa pamoja.

Kazi hii si ya zamani sana. Chombo cha kwanza cha kuvuta donge, kilichokuwa kama waya uliosokotwa, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2004. Mwaka 2013 matokeo ya tafiti tatu yalitolewa, na hayakuonyesha faida ya tiba hii. Watu wengi wakaanza kuitilia shaka. Lakini wakati huo vijiwavu vipya vilikuwa vimeanza kutumika, navyo vilikamata vizuri zaidi.

Nchi iliyoondoa shaka ni Uholanzi, hiyo hiyo alikougulia kaka yetu. Huko madaktari walichukua wagonjwa 500, wakawagawa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilipata tiba ya kawaida tu. Kundi la pili lilipata tiba ya kawaida na kuvutwa donge. Baada ya siku 90 wakawatazama. Katika kundi la tiba ya kawaida, watu 19 katika kila 100 waliweza kujitegemea. Katika kundi lililovutwa donge, watu 33 katika kila 100 waliweza kujitegemea. Matokeo haya yalitangazwa mwaka 2014.

Mwaka 2015 nchi nyingine zikatoa matokeo ya namna hiyo hiyo. Mwaka 2016 tafiti tano zikaunganishwa, wagonjwa 1,287 kwa jumla. Waliojitegemea baada ya siku 90 walikuwa 46 katika kila 100 kwa waliovutwa donge. Kwa wasiovutwa walikuwa 26 au 27.

Tuzisome namba hizi vizuri. Zinasema tiba inasaidia, tena sana. Lakini zinasema pia kwamba hata kwa waliovutwa donge, zaidi ya nusu hawakurudi kujitegemea. Mtu anaweza kutibiwa vizuri, na bado akabaki na fimbo.

KUVUTA MARA MOJA NA KUVUTA MARA NYINGI

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Wengi wetu tumeona ndoo ikikatika kamba na kutumbukia kisimani. Tunachukua kamba yenye kulabu, tunaishusha, tunatafuta mpini wa ndoo. Siku nyingine kulabu inanasa mara ya kwanza, ndoo inatoka. Siku nyingine inanasa, ukivuta inateleza. Unashusha tena. Kila unaposhusha, kulabu inakwaruza ukuta wa kisima, udongo unaanguka, maji yanachafuka. Pengine ndoo yenyewe inazidi kuzama.

Donge la damu ni hivyo hivyo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 354 waliovutwa donge huko Amerika ya Kaskazini. Kati yao, 89 tu ndio mshipa wao ulifunguka kabisa kwa mvuto mmoja. Hiyo ni kama robo. Katika hao wa mvuto mmoja, watu 61 katika kila 100 waliweza kujitegemea baada ya siku 90. Kwa wengine waliobaki, walikuwa 35 katika kila 100. Tofauti ni kubwa. Tangu hapo madaktari wengi wameweka shabaha yao iwe kulitoa donge kwa mvuto wa kwanza.

Kwa nini mvuto wa kwanza una heri? Waganga wanataja sababu nne.

Kwanza, muda. Kila kuvuta kunachukua dakika kadhaa: kupitisha mrija, kufungua kijiwavu, kungoja kinase, kuvuta, kupiga picha kuona kama njia imefunguka. Na tumeshaona dakika moja ni hasara gani.

Pili, ukuta wa mshipa. Mishipa ya kichwani ni myembamba. Kijiwavu kikipita kinaikwaruza. Kikipita mara nyingi, mshipa unaweza kuvimba, kubana, au kutoboka. Ukitoboka, damu inamwagika kwenye ubongo, na mgonjwa wa kuziba anageuka kuwa mgonjwa wa kuvuja.

Tatu, donge linaweza kukatika. Vipande vidogo vinachukuliwa na damu, vinakwenda kuziba vijishipa vya mbele. Kuvuta tena na tena kunazidisha hatari hiyo.

Nne, donge lenyewe. Madonge hayafanani. Liko donge laini, jekundu, linalonasa upesi. Liko donge gumu, la kunata, linaloshikilia ukuta wa mshipa. Donge lililokataa mara ya kwanza, mara nyingi ni la namna hii ya pili.

Hapa tuwe waangalifu, ndugu wasomaji. Sababu hii ya nne inatufundisha kufikiri. Pengine wale wa mvuto mmoja walipona zaidi kwa sababu ugonjwa wao ulikuwa mwepesi tangu mwanzo: donge laini, mishipa iliyonyooka, ubongo ambao haujaharibika sana. Basi hatuwezi kusema kwamba wingi wa mivuto peke yake ndio uliowaumiza wale wengine. Mkulima mwenye shamba gumu hupiga jembe mara nyingi. Ukiona mavuno yake ni machache, usilaumu jembe tu.

MADAKTARI WAACHE LINI?

Je, donge likikataa mara ya kwanza, daktari aache? Hapana. Wagonjwa ambao mshipa wao ulifunguka baada ya kuvutwa mara mbili au tatu, kwa kawaida huwa na hali bora kuliko wale ambao mshipa wao haukufunguka kabisa. Heri kisima kilichochafuka kidogo kuliko kukosa maji.

Je, basi waendelee kuvuta mpaka donge litoke, hata mara 10? Hapana pia. Kadiri mivuto inavyoongezeka, tumaini la kufaulu linapungua na hatari ya damu kuvuja inaongezeka. Hakuna hesabu moja inayofaa kwa kila mgonjwa. Lakini madaktari wengi, wakifika mvuto wa tatu bila kufaulu, husimama na kufikiri upya. Wanajiuliza: Muda gani umepita? Sehemu gani ya ubongo imeshakufa? Mshipa una hali gani? Je, tubadilishe chombo, kutoka kijiwavu kwenda kufyonza? Je, kipande kilichobaki ni kidogo, na kipo mahali ambapo kukifuata ni hatari kuliko kukiacha?

Kuacha wakati mwingine si kushindwa kazi. Fundi anayejua kazi anajua pia pa kuweka chombo chini.

JIBU LETU KWA DADA

Kaka yako alivutwa mara tatu. Kama alivyokueleza, mara ya kwanza donge halikutoka. Mara ya pili lilitoka nusu. Mara ya tatu njia ikafunguka. Kwa hayo tuliyosoma, hatuoni kwamba madaktari walimchezea. Kama wangeacha baada ya mara ya kwanza, mshipa ungebaki umeziba. Na baada ya njia kufunguka, hapakuwa na donge la kuendelea kuvuta.

Je, angekuwaje kama donge lingetoka mara ya kwanza? Kwa mtu mmoja, hakuna anayeweza kusema. Kwa watu 100 tunaweza kusema. Kwa mtu mmoja hatuwezi. Tunachoweza kusema ni kwamba wenzake wa melini walimwokolea dakika nyingi, na hizo dakika zimo katika miguu anayotembelea leo.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hayo yote. Kuvuta donge kunaondoa donge lililopo. Hakuondoi sababu iliyolileta. Kama ni presha, presha bado ipo. Kama ni moyo unaopiga ovyo na kugandisha damu, moyo ni ule ule. Mtu aliyewahi kupata kiharusi yuko karibu zaidi na cha pili kuliko mtu ambaye hajawahi. Vidonge vile anavyoviacha ndivyo vinavyozuia donge jingine. Mwambie kaka yako hivi: kubishana kuhusu mivuto mitatu ya jana hakutamsaidia. Kumeza dawa ya leo kutamsaidia. Kama dawa zinamsumbua, aende hospitali abadilishiwe. Asiache kwa kichwa chake. Na mkono ule aufanyishe mazoezi kila siku, kama waganga wa mazoezi watakavyomwelekeza. Wengine huendelea kupata nafuu kwa miezi mingi.

HUKU KWETU TUFANYE NINI?

Tusidanganyane. Tiba ya kuvuta donge inataka mashine kubwa, madaktari waliosomea kazi hiyo, na timu inayokesha usiku na mchana. Katika Afrika ni hospitali chache sana zinazoifanya. Wengi wetu tukipata kiharusi leo, hatutaifikia.

Lakini kiharusi kipo kwetu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Walipata wagonjwa 636. Hai ni wakulima kama sisi. Basi tusiseme huu ni ugonjwa wa matajiri.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha tukachimba vyoo. Hatukungoja mashine. Tulianza na kile kilichokuwa mikononi mwetu. Na kiharusi tuanze hivyo hivyo.

La kwanza ni kukitambua. Shika maneno manne: Uso, Mkono, Maneno, Muda.

Uso: mwambie mgonjwa acheke. Je, mdomo unakwenda upande?

Mkono: mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele. Je, mmoja unaanguka?

Maneno: mwambie aseme sentensi fupi. Je, yanatoka ovyo, au hayatoki?

Muda: ukiona hata dalili moja, usingoje. Tazama saa, kumbuka mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, na mtafutie usafiri wa kwenda hospitali. Swali hilo la saa ndilo daktari atakalouliza kwanza.

La pili ni kujua yasiyofaa. Usimpe chakula wala maji, kwa sababu koo linaweza kuwa limepooza na vikaingia mapafuni. Usimpe aspirini. Tulisema kiharusi kiko cha namna mbili, na kama mshipa umepasuka, aspirini inaweza kuzidisha kuvuja. Usimchanje wala kumtoa damu. Akipoteza fahamu, mlaze kwa ubavu. Na tusipoteze siku tatu tukitafuta nani amemloga. Wako wenzetu waliopotea hivyo, nasi tuliwaona.

Hata hospitali isiyo na mashine ya kuvuta donge ina kazi kubwa. Itapima presha na sukari, itaangalia kama anaweza kumeza, itamkinga na vidonda na homa ya mapafu, na itaanza mazoezi. Kwa hiyo kwenda bado kuna maana.

La tatu ni kuzuia, na hili ndilo letu zaidi. Presha kubwa ndiyo mama wa viharusi vingi. Presha haiumi. Mtu analima, anacheka, kumbe mishipa inaharibika. Haijulikani mpaka ipimwe, na kuipima ni kazi ya dakika chache katika kituo cha afya au zahanati. Tupunguze chumvi. Tuache tumbaku. Tupunguze pombe. Na aliyepewa dawa ya presha aimeze kila siku, hata siku anayojisikia mzima.

Wiki iliyopita dada yetu alikuja darasani amechelewa. Alikuwa amempeleka mama yake kupimwa presha. Ilikuwa juu sana, na mama hakuwa na habari. Sasa nyumba ile ina watu wawili wa kumeza vidonge, mama na mwanawe. Dada ameandika majina yao na saa za dawa kwenye karatasi, ameibandika ukutani. Tulipoanza kumfundisha kusoma na kuandika, hatukujua kazi ya kwanza ya kalamu yake itakuwa hiyo.

MANENO MAGUMU

Chembe hai: vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho ambavyo mwili umejengwa navyo.
Donge la damu: damu iliyoganda.
Kinena: mahali paja linapokutana na tumbo.
Mvuto: kuvuta mara moja.
Presha: shinikizo la damu, nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mvuto wa kwanza una faida kuliko wa tatu? Taja sababu mbili.
2. Kwa nini hatuwezi kusema kwamba wingi wa mivuto peke yake ndio unaowaumiza wagonjwa?
3. Mtu akipatwa na kiharusi kijijini kwetu saa sita usiku, nani ana chombo cha usafiri? Nambari yake ya simu iko wapi?
4. Ni watu wangapi katika kikundi chetu wamepimwa presha mwaka huu? Wasiopimwa watakwenda lini?